Protini zinazofunga vichocheo vya ukuaji si adui wa misuli

Katika kibanda cha kunyanyulia vyuma hapa Mikindani, ambako vyuma vyenyewe vingi ni makopo ya rangi yaliyojazwa zege, nimesikia mara nyingi vijana wakisema kwamba zipo protini mwilini zinazokamata vichocheo vya ukuaji visijenge misuli, na kwamba anayezishinda hizo ndiye atakayenenepa kifua.

Neno "kufunga" ndilo linalowapotosha. Ni kweli kwamba protini za kundi la IGFBP (kifupi cha Kiingereza cha protini zinazofunga IGF), ambazo kuu ni sita, hukishika barabara IGF-1, kichocheo cha ukuaji kinachofanana na insulini. Hata hivyo, IGF-1 iliyo huru hupungua nusu katika damu kwa dakika kama 10 tu, ilhali ile iliyobebwa na IGFBP-3 pamoja na protini nyingine ya tatu hudumu kwa saa 12 au zaidi. Mkulima wa korosho aliyezoea stakabadhi ghalani atalielewa jambo hili upesi: gunia lililo ghalani halijapotea, bali linasubiri mnada. Mwilini, ghala hufunguliwa na vimeng'enya vinavyoikata protini iliyoshika, kama PAPP-A inavyoikata IGFBP-4, kichocheo kikaachiwa jirani na seli inayokihitaji. Sisemi kwamba hazizuii kamwe. IGFBP-5 husaidia seli changa za misuli kukomaa, lakini panya waliofanywa waitengeneze kupita kiasi walidumaa, na misuli yao haikukua ipasavyo.

Wengine huamini kwamba kipimo cha IGF-1 katika damu ndicho kinachotabiri misuli. Mwaka 1999 watafiti walizima jeni ya IGF-1 katika ini la panya, kiungo kinachotoa sehemu kubwa ya IGF-1 ya damu. Kiwango katika damu kikashuka kwa takriban robo tatu, na bado panya wakakua karibu kama kawaida, kwa kuwa misuli nayo hujitengenezea kichocheo chake.

Kuhusu saumu, IGFBP-1, mojawapo ya zile sita, hupanda mtu anapokaa bila kula na hushuka insulini inapopanda baada ya futari, jambo ambalo ni la kawaida kabisa.

Ninachokihofia ni sindano. IGF-1 imepigwa marufuku michezoni na WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa za kuongeza nguvu, na ikizidi kuwa huru hushusha sukari ya damu kama insulini. Kijana aliyenionyesha kichupa kisicho na lebo, akisema atajidunga kabla ya mazoezi, alikuwa hajala tangu asubuhi.