Utepe umekatwa, glavu ziko wapi? Maswali ya wanakijiji kuhusu ruzuku za afya

Nimekuwa muuguzi wa zahanati Moshi Vijijini, kwanza huko juu mgombani, sasa tambarare upande wa Kahe. Kila nikialikwa mkutano wa kijiji kuzungumzia uzazi salama, mazungumzo huishia kwenye hela. Nimeyaweka hapa maswali yanayojirudia.

Sista, hiyo ruzuku ni hela ya nani, na tutailipa lini?

Hailipwi. Mkopo unarudishwa, ruzuku unarudisha hesabu tu, yaani stakabadhi na taarifa. Inaweza kutoka serikali kuu au kwa wafadhili. Tangu 1999 baadhi ya wafadhili wa afya nchini wanatia fedha zao kwenye kapu moja, Mfuko wa Pamoja wa Afya, badala ya kila mmoja kuja na mradi wake na gari lake lenye nembo. Ila kumbukeni kwamba hela ya ruzuku huja na kazi yake. Iliyotolewa kwa chanjo haiwezi kupaka rangi choo, hata kama choo kinatia aibu.

Mbona jengo letu ni zuri, lakini mgonjwa bado anakimbizwa Mawenzi?

Kwanza, si kila ugonjwa ni wa zahanati. Kuna kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha Mawenzi ambayo ni ya rufaa ya mkoa, na KCMC ya kanda. Upasuaji wa uzazi haufanyiki zahanati hata jengo liwe la vigae.

Lakini najua mnachouliza. Jengo linalipiwa mara moja. Mtumishi anakula mshahara kila mwezi na glavu zinatupwa kila siku. Wanaotoa hela, wa ndani na wa nje, wanapenda kitu cha kupigia picha. Nani amewahi kukata utepe mbele ya katoni ya glavu?

Niwape mfano. Zahanati moja niliyowahi kufanyia kazi ililetewa friji jipya. Lilikuwa la umeme wa kawaida, na sisi tulikuwa na sola ya taa tu. Likakaa kwenye boksi koridoni miezi minne. Kuku wa mlinzi akaona pale juu panafaa, akataga. Tulicheka, lakini halikuwa jambo la kuchekesha. Chanjo nyingi zinatunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na oksitosini vilevile, ile sindano tunayomchoma mama mtoto akishatoka ili mji wa mimba ukaze na damu isimwagike. Ikikaa kwenye joto la huku kwetu inapoteza nguvu, na chupa haibadiliki rangi ikakuonya. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili. Swali moja tu, "Hapo mnatumia umeme gani?", lingetuletea friji la sola.

Hela zinapita kwa nani kabla hazijatufikia?

Zamani fedha za ule Mfuko wa Pamoja zilikaa halmashauri, na zahanati ikitaka dawa au dumu la dawa ya kusafishia inaandika barua na kusubiri. Kuanzia mwaka wa fedha 2017/18 zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo, hawezi kuzitumia peke yake: kuna kamati ya usimamizi ya kituo yenye wananchi ndani yake, yeye akiwa katibu. Kamati ndiyo inayopitisha mpango na matumizi.

Hapa nitasema kinachonikera. Kuchagua wajumbe mnachagua kwa haraka mpate kurudi shambani, mnamweka mzee anayeheshimika ambaye haoni vizuri hata karatasi ya mapato na matumizi. Wekeni na mama mmoja aliyejifungulia pale. Huyo anajua kama maji yalikuwepo usiku ule.

Kuna kijana wetu yuko nje, amepata watu wanaotaka kutusaidia. Tuombe nini?

Msianze na kitu, anzeni na shida. "Tunataka gari la wagonjwa" ni rahisi kutamka, lakini nani atalipa dereva, mafuta na matairi mwaka wa pili? Andikeni kwamba masika barabara inakatika, na kwamba wajawazito wanatoka umbali gani, kwa hesabu mliyoitoa kwenye rejista. Huenda jibu likawa chumba cha kungojea kujifungua karibu na kituo cha afya. Pitieni kwa mfawidhi na mganga mkuu wa wilaya mapema, ili gharama za kuendesha ziingie kwenye mpango wa halmashauri. Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai, na mipango inaandikwa miezi mingi kabla. Ukija Juni umechelewa.

Wafadhili wakiondoka je?

Wanaondoka kweli. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa ghafla, na miradi mingi ya VVU ikatikisika. Kwa hiyo mkiletewa mhudumu anayelipwa na mradi, ulizeni siku hiyohiyo nani atamlipa mradi ukiisha.

Leo usiku mama akianza kutoka damu, hizo ruzuku zitanisaidia nini?

Piga 115. Ni bure, ni ya mpango wa m-mama, kwa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Wanatafuta gari la wagonjwa, na kama halipo karibu wanamwita dereva wa jamii aliyesajiliwa. Anayemlipa ni mpango, si ninyi. Msisubiri damu tu. Kichwa kikali, kuona maluweluwe, degedege au homa kali, pigeni, na mkiulizwa mlipo tajeni kitongoji na alama inayoonekana usiku, kanisa au mashine ya kusaga. "Nyuma ya kwa mzee fulani" dereva haijui.