Lalit Modi hakubuni kriketi ya ova 20

Wapenzi wengi wa kriketi bado wanaamini kwamba Lalit Modi, aliyekuwa kigogo wa Bodi ya Kriketi ya India, ndiye aliyebuni mchezo wa ova 20, ambao kila timu hupiga kwa ova 20 tu (ova moja ni mipira sita inayorushwa). Si kweli. Ulianzia Uingereza: mwaka 2001 wenyeviti wa klabu za kriketi za kaunti waliupigia kura, 11 dhidi ya 7, na mechi za kwanza zikachezwa Juni 2003. Aliyelipigania wazo hilo ni Stuart Robertson, meneja masoko wa bodi ya kriketi ya huko, na inasikitisha kwamba jina lake halitajwi.

Modi aliugeuza mchezo huo kuwa biashara kubwa. Ligi ya IPL, ligi kuu ya ova 20 ya India, ilianza Aprili 2008 ikiwa na timu 8, na wachezaji walipigwa mnada hadharani; timu ya Chennai ilimchukua Mahendra Singh Dhoni kwa dola milioni 1.5. Mwaka 2009, uchaguzi mkuu wa India ulipogongana na ratiba, ligi nzima ilihamishiwa Afrika Kusini ndani ya wiki chache. Hapo tumpe haki yake. Bodi ya India ilimsimamisha Modi Aprili 2010, mara tu baada ya fainali, kwa tuhuma za fedha alizozikana, na mwaka 2013 ikamfungia maisha.