Luteti-176: umbo la kiini linapoziba njia ya beta

Wanafunzi wa fizikia hapa Lubumbashi huuliza sana kama kiini cha atomi kilicho kirefu huoza kwa beta haraka kuliko kiini duara, yaani kama neutroni yake hugeuka protoni na kutoa elektroni na antineutrino (chembe nyepesi isiyo na chaji) upesi zaidi. Hapana, kanuni kama hiyo haipo. Umbo hupanga upya obiti za protoni na neutroni, na obiti hizo ndizo zinazoamua neutroni ipi igeuke protoni na itue wapi.

Kabla ya kulaumu umbo, toa kwanza mchango wa nishati. Kigezo f, kinachoonyesha jinsi nishati inavyoharakisha kuoza, hukua takribani kwa kipeo cha 5 cha nishati inayotoka: ikiwa mara 2, kasi hupanda karibu mara 32. Basi gawanya nusu-maisha (muda wa nusu ya viini kuoza) kwa sehemu ya beta zinazopita njia unayoichunguza, zidisha kwa f, kisha chukua logi. Hiyo ndiyo log ft, na ndiyo ya kulinganisha: ikiwa kubwa, njia imezibwa zaidi.

Sasa luteti-176. Nusu-maisha yake ni kama miaka bilioni 37. Ina spini (kipimo cha mzunguko wa kiini) 7, na karibu beta zake zote hutua kwenye ngazi ya nishati yenye spini 6 ya hafni-176. Spini inapungua 1 tu, pariti (ulinganifu wa kiini kama kwenye kioo) inabadilika. Kwa kawaida log ft ingekuwa kati ya 6 na 9. Hapa inakaribia 19!

Viini vyote viwili vimerefuka, β2 (kipimo cha kurefuka; duara ni 0) karibu 0.3, kwa hiyo vina mhimili. Sehemu ya spini iliyo juu ya mhimili huo huitwa K. Katika luteti, protoni ya mwisho na neutroni ya mwisho huchangia 7/2 kila moja: K ni 7. Katika hafni, spini 6 yote inatokana na kiini kuzunguka: K ni 0. Elektroni na antineutrino haziwezi kubeba pengo la 7 kirahisi; kinachopenya ni mchanganyiko mdogo sana wa K nyingine. Kiini duara hakina mhimili, hivyo hakina kizuizi hicho. Tena, zile 7/2 mbili zikielekezwa kinyume, K inakuwa 0: hiyo ndiyo isoma (hali ya luteti-176 yenye nishati ya ziada inayodumu kwa muda) ya keV 123, nayo huoza kwa beta kwa nusu-maisha ya saa 3.7 hivi.

Upimaji una mtego wake. Baada ya beta, kiini kipya hutoa miale ya gamma, nayo ndiyo huonyesha beta ilitua ngazi ipi. Detekta ya gerimani hukosa gamma nyingi dhaifu zenye nishati kubwa, kwa hiyo ngazi za chini hupewa beta zisizo zao na log ft zao hutoka ndogo mno. Ndiyo maana stronti-76, iliyochunguzwa umbo lake kupitia beta, ilipimwa ISOLDE, maabara ya viini ya CERN, kwa kristali kubwa ya iodidi ya sodiamu inayojumlisha gamma zote zinazofuatana baada ya beta moja. Matokeo yaliyochapishwa 2004 yalilingana na kiini kilichorefuka, si kilichobapa.