Ndege ya kivita ya zamani ikipata ajali inapotua, je, ni uzee?

Ndege ya kivita ya miaka ya 1940 ikiacha njia au kubinuka wakati wa kutua, wengi husema imechakaa, ingebaki makumbusho. Wazo hilo linaeleweka: chuma huchoka kweli, na injini kongwe huweza kuzimika. Lakini ndege hizi zilipata ajali za namna hiyohiyo hata zilipokuwa mpya kutoka kiwandani.

Tazama magurudumu. Nyingi zina makubwa mawili mbele na dogo moja mkiani, na uzito mwingi umekaa nyuma ya yale mawili. Pua ikipotoka kidogo tu, uzito ule hutaka kutangulia, na ndege hujizungusha ghafla. Kwa Spitfire ya Uingereza na Messerschmitt Bf 109 ya Ujerumani hali ni ngumu zaidi, maana magurudumu yao makuu yamekaribiana mno. Tena pua ndefu iliyoinuka humziba rubani. Mkia ukishagusa chini, anaongoza kwa kutazama kingo za njia. Akikaza breki kupita kiasi, mkia unanyanyuka na propela inachimba ardhi. Rubani hodari hupatwa na haya pia.

Ukiona picha ya ajali, chunguza propela: mapanga yote ya chuma yakiwa yamepinda kwa namna moja, yaelekea ilikuwa bado inazunguka. Kisha subiri ripoti kamili ya wachunguzi, usome walichoandika kuhusu upepo wa ubavuni na hali ya breki.