Yuda na Yesu kwenye kibao kimoja cha pembe

Jumba la Makumbusho la Uingereza, London, linahifadhi vibao vinne vya pembe ya ndovu ambavyo zamani vilikuwa pande za kijisanduku kimoja. Kila kibao kina upana wa takriban sentimita 10 na kimo cha sentimita 7.5 hivi. Wataalamu wanakadiria kwamba vilichongwa Roma kati ya mwaka 420 na 430. Jumba hilo lilivipata mwaka 1856.

Kibao cha kwanza kimejaa watu: Pilato ananawa mikono, Yesu amebeba msalaba, na pembeni Petro anaotea moto huku kijakazi akimnyooshea kidole na jogoo akiwa juu yao. Hadithi tatu zimebanwa mahali padogo kuliko kiganja cha mkono.

Cha pili ndicho kinachostahili kutazamwa kwa muda mrefu. Kushoto Yuda ananing'inia mtini, shingo imekunjika, na chini ya miguu yake mfuko umefunguka na fedha zimemwagika. Kulia yupo Yesu msalabani, na hapo ndipo mtu aliyezoea misalaba ya makanisani mwetu anaposhangaa. Hana ndevu. Macho yako wazi, kichwa kimeinuka, mikono imenyooka kama ya mtu anayesimama kwa hiari yake. Mariamu na Yohana wako kando, na juu ya kichwa pameandikwa kwa Kilatini kwamba huyu ni mfalme wa Wayahudi.

Wapo wanaodhani mchongaji hakujua kuonyesha maumivu. Mimi sikubali. Mwili wa Yuda, hatua chache tu kutoka hapo, umelegea kama maiti halisi. Aliyeweza kuchonga vile aliweza kuchonga mateso pia. Alichotaka ni tuilinganishe miti miwili: mmoja umebeba aliyekufa, mwingine umebeba aliyeshinda mauti. Hata ndege anayelisha makinda kwenye mti wa Yuda yuko upande wa uhai. Hiki ni kati ya vielelezo vya kale kabisa tulivyonavyo vya kusulubiwa kwa Yesu, kwa sababu Wakristo wa karne za mwanzo hawakupenda kuuchora msalaba, adhabu ya aibu waliyopewa watumwa na wahalifu.

Kibao cha tatu ni cha wanawake kaburini na askari waliosinzia. Mlango wa kaburi umevunjika na kubaki nusu wazi, nao umechongwa kufufuka kwa Lazaro. Ni picha ndani ya picha, na wageni wengi huipita bila kuiona. Cha nne kinamwonyesha Tomaso akigusa ubavu wa Yesu.

Malighafi yenyewe ilikuwa na safari yake. Pembe nyingi za zama hizo zilitoka Afrika. Adulis, bandari ya ufalme wa Aksum kwenye Bahari ya Shamu, ilikuwa mlango mkuu wa biashara hiyo, na katika karne ya 6 mfanyabiashara Cosmas aliandika kwamba pembe za Ethiopia zilisafirishwa hadi India, Uajemi na nchi za Warumi. Mwambao wetu nao ulikuwemo sokoni mapema: mwongozo wa mabaharia wa Kigiriki wa karne ya 1 unaitaja Rhapta, inayodhaniwa kuwa pwani ya Tanzania, kuwa na pembe tele, ingawa wanunuzi waliziweka daraja la chini ya zile za Adulis.