Uwanja wa kambi ya machipuko katika besiboli: historia ya Holman Stadium, Vero Beach

Kambi ya machipuko ni wiki sita hivi za maandalizi kabla ya msimu wa besiboli ya kulipwa nchini Marekani. Katikati ya Februari warushaji na wadakaji huripoti kwanza, kwa sababu bega la mrushaji halitaki haraka: huanza na raundi moja au mbili, kisha huongezewa kidogo kidogo hadi azoee tano au sita. Wengine hufuata siku chache baadaye, na mechi huchezwa hadi karibu na mwisho wa Machi. Kaskazini bado kuna baridi kali wakati huo, ndiyo maana timu huhamia Florida, ambako mechi zao huitwa Ligi ya Balungi, au Arizona.

Matokeo ya mechi hizi hayaingii kwenye msimamo wa ligi. Hilo humpa mchezaji nafasi ya kujaribu kitu na kukosea bila hasara. Mwaka 1961, kwenye mechi ya kambi kule Orlando, Florida, mdakaji Norm Sherry alimshauri Sandy Koufax, mrushaji wa timu ya Dodgers, aache kurusha kwa nguvu zake zote, kwa kuwa mipira ilikuwa ikimpotea. Koufax alipunguza nguvu, mipira ikatii, na msimu huo akawatoa wapigaji 269, kila mmoja kwa mipira mitatu halali aliyoshindwa kuipiga.

Kwa hiyo uwanja wa kambi usiuchukulie kama uwanja mkubwa uliopunguzwa. Ni kipande kimoja cha kambi, na mara nyingine ndicho kinachojengwa mwisho, baada ya mabweni, bwalo na viwanja vya mazoezi visivyo na jukwaa hata moja. Holman Stadium, uliopo Vero Beach kwenye pwani ya mashariki ya Florida, ulifunguliwa Machi 1953, lakini ukianzia hapo utakuwa umeruka habari yenyewe.

Habari inaanzia 1946. Branch Rickey, aliyekuwa akiiongoza Dodgers, wakati huo ikiwa timu ya Brooklyn, New York, alimleta Jackie Robinson Florida kufanya mazoezi na Montreal Royals, timu tanzu ya Dodgers. Mchezaji mweusi kati ya weupe, katika jimbo la ubaguzi wa kisheria. Katika mji wa Sanford ilibidi waondoke. Jacksonville walikuta uwanja umefungwa. DeLand mechi ilifutwa kwa kisingizio kwamba taa ni mbovu, na mechi yenyewe ilikuwa ya mchana! Daytona Beach ndio waliokubali, na tarehe 17 Machi 1946 Robinson akacheza kwenye uwanja wa City Island, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka uliofuata Rickey alipeleka kambi Havana, Kuba, na hata huko wachezaji weusi walilazwa hoteli tofauti na wenzao.

Nyasi na mistari ya chokaa vingepatikana popote. Kilichomsumbua Rickey ni mahali ambapo timu nzima ingelala na kula bila kumwomba mwenye hoteli ruhusa. Bud Holman, mfanyabiashara wa Vero Beach, alikuwa na jibu: kituo cha ndege za jeshi la majini kilichobaki wazi baada ya vita. Mabweni yapo, bwalo lipo, ardhi tambarare tele. Dodgers wakaingia mwaka 1948 na mamia ya wachezaji wa timu zao tanzu, weusi na weupe chini ya paa moja. Kambi ikaitwa Dodgertown.

Kwa umati huo Rickey aliendesha kambi kama shule. Chombo chake mashuhuri kilikuwa fremu ya kamba. Unasimamisha nguzo mbili, moja kila upande wa kibao cha mpigaji, yaani bamba la chini ambalo mpigaji husimama kando yake, unafunga kamba mbili za wima zenye nafasi ya sentimita 43 kati yake, ambao ndio upana wa kibao, halafu mbili za kulala, moja usawa wa magoti na nyingine juu kwenye kikomo cha mpira halali. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka hapo na kulenga dirisha hilo. Hahitaji mpigaji wala mwamuzi, maana mpira uliopita nje ya kamba kila mtu anauona.

Uwanja wenyewe ulikuja chini ya Walter O'Malley, aliyeshika klabu baada ya Rickey. Mhandisi Emil Praeger, ambaye baadaye alisanifu Dodger Stadium ya Los Angeles, hakupandisha majukwaa marefu. Udongo ulichimbwa jirani, shimo likawa bwawa, na udongo ukarundikwa kuwa tuta la kubeba viti kama 5,000. Mabenchi ya wachezaji hayakuwa na paa. Watazamaji walipenda ukaribu huo. Mchezaji yeye alikaa juani mchana kutwa, akichunga pia mipira iliyopigwa pembeni.

Kuna jambo ambalo sifa za Dodgertown huwa zinalipita juu juu. Bwenini watu walichanganyika, lakini kwenye majukwaa ya uwanja huo mpya watazamaji weusi walitengewa sehemu yao. Hali hiyo iliendelea hadi 1962, wachezaji weusi wa Dodgers walipolifikisha suala kwa uongozi na vibao vya kutenga viti vikaondolewa. Mjini nako mchezaji mweusi hakuweza kucheza gofu, ndiyo sababu moja ya klabu kujenga kiwanja chake cha gofu ndani ya kambi.

Klabu ilihamia Los Angeles mwaka 1958, ila kambi ikabaki Florida kwa miaka 50 mingine, ng'ambo ya pili ya nchi. Kwa shabiki wa California hiyo ni safari ya ndege, wakati Arizona anaweza kwenda kwa gari. Tena, viwanja vya Arizona vimekusanyika zaidi kuzunguka Phoenix, kwa hiyo timu haipotezi nusu siku ndani ya basi kufuata mechi, kama ilivyo kawaida Florida. Dodgers walicheza mara ya mwisho Vero Beach Machi 2008, na 2009 wakahamia Camelback Ranch, Glendale, wanakoishi pamoja na Chicago White Sox.

Uwanja mwingi wa kambi ukikimbiwa na timu yake hubomolewa au huachwa kuota magugu. Huu uliokolewa na mabweni yake: mahali penye vitanda, bwalo na viwanja kadhaa panaweza kupokea timu yoyote ya vijana. Tangu 2019 unaendeshwa na ligi kuu yenyewe, MLB, kwa jina la Jackie Robinson Training Complex.