Je, wajua kwa nini paka humlilia binadamu lakini hamlilii paka mwenziwe?

Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla ya adhana, paka wangu Chausiku hupanda dirishani, akanikazia macho na kusema neno moja tu: "Nyau." Kisha anangoja. Nikijifunika shuka anarudia, safari hii amelivuta kidogo mwishoni. Nikiinuka kumfungulia mlango wa jikoni anatoa jingine, fupi na jembamba, kama mtu anayeitikia hodi.

Akishatoka uani mambo hubadilika. Juu ya ukuta anamkuta dume la jirani, la rangi ya majivu, waliyezoeana tangu wakiwa wadogo. Wanasogeleana mikia imesimama wima, wanagusana pua, wanasuguana mashavu, wamemalizana. Hakuna nyau hata moja. Yule msemaji wa jikoni amekuwa bubu ukutani.

Ukiwa na paka nyumbani, mwangalie siku mbili tatu utaliona hilo. Paka wazima hawasemezani kwa "nyau" ila kwa nadra sana. Wana sauti nyingine za kwao: kuguna, kupuliza kama nyoka wakitishana, kupiga mayowe wakigombana, na kile kilio kirefu cha jike aliye kwenye joto kinachoamsha mtaa mzima. Zaidi ya hizo wanaelewana kwa harufu, mkia, masikio na sharubu. Lakini ile nyau ya kuomba, ya kuuliza, ya "nimerudi", karibu yote wanatuwekea sisi.

Sababu inaanzia kwenye kunyonya. Kitoto cha paka huzaliwa macho yamefumba na masikio hayasikii bado. Akipatwa na baridi au akibingirika mbali na ndugu zake, silaha yake ni moja: kulia. Mama akisikia anarudi, anamng'ata kidogo shingoni na kumrudisha mahali pake. Kwa hiyo somo la kwanza analopata paka duniani ni kwamba ukilia, mkubwa anakuja. Akiachishwa ziwa, mama anaacha kuitikia na kilio kinapungua. Kwa paka wa porini mara nyingi ndiyo huwa mwisho wake. Kwa paka wa nyumbani, kuna mkubwa mmoja ambaye hakuacha kuitikia. Ni wewe, mwenye sahani ya dagaa na ufunguo wa mlango. Mbele yako, paka wa miaka kumi bado ni kitoto.

Tukitaka kujua umbali aliosafiri, tumwangalie ndugu yake wa porini, kimburu. Hawa wapo mpaka leo katika mbuga zetu za Afrika Mashariki: wana rangi ya mchanga, miguu mirefu, michirizi hafifu, na kila mmoja huwinda peke yake usiku. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani, wa Lamu, wa Muscat na wa London, wanatokana na jamii ya kimburu wa Mashariki ya Kati. Watu walipoanza kulima na kuweka akiba ya nafaka, panya walifuata nafaka, na kimburu akafuata panya. Huko Cyprus, wachimbuzi wa mambo ya kale walikuta mifupa ya paka imezikwa karibu na mifupa ya mtu, kaburi la kama miaka 9,500 iliyopita. Watu wale walimjua huyo paka kiasi cha kumpa kaburi lake.

Sasa, hakuna aliyemfunga kamba paka wala kumtia nira. Alijileta mwenyewe, na waliobaki karibu na watu ni wale waliostahimili kuonwa na kuguswa. Kizazi baada ya kizazi sauti nayo ikabadilika. Mwaka 2004 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, Nicholas Nicastro, alilinganisha milio ya paka wa nyumbani na ya kimburu waliofugwa katika bustani ya wanyama ya Pretoria, Afrika Kusini, kisha akawasikilizisha watu. Wasikilizaji waliona milio ya paka wa nyumbani inapendeza zaidi. Ilikuwa mifupi zaidi na myembamba zaidi. Ya kimburu ilikuwa mizito, mirefu, kama ya mnyama aliyekasirika hata kama hajakasirika.

Hebu tamka "nyau" polepole. Ulimi unaanzia juu, kinywa kinafunguka kwenye "a", kisha midomo inajikusanya na kufunga kwenye "u". Hivyo hivyo ndivyo afanyavyo paka. Mtafiti wa Marekani, Mildred Moelk, aliyeainisha milio ya paka mwaka 1944, aliigawa kwa namna kinywa kinavyokaa: kuna inayotoka kinywa kimefumba, kuna ya kinywa kilichoachama na kukaza, kama ya ugomvi, na kuna hii inayotoka kinywa kikifunguka na kufunga. Mababu zetu hawakuhitaji maabara. Walimsikiliza paka wakaandika kinywa chake ndani ya neno.

Je, nyau hizo zina maana moja kwa paka wote? Hapana, na hapa ndipo mimi ninapoona uzuri wa jambo zima. Katika majaribio, mtu akisikilizishwa nyau ya paka asiyemjua anapata shida kubwa kukisia kama paka ana njaa, amefungiwa au anataka kubembelezwa. Akisikilizishwa ya paka wake mwenyewe anapatia zaidi. Maana yake hakuna Kipaka kimoja cha dunia nzima. Kila nyumba na paka wake wanatunga lugha yao: paka anajaribu sauti, anaangalia ipi imemfungulia mlango, anaishika. Na wewe, bila kukaa darasani, unajikuta unajua kwamba ile ndefu ya mchana ni maji na ile fupi ya jioni ni salamu. Lugha hiyo ina wasemaji wawili tu, na mmoja wao akifa, imekufa.

Paka naye anasikia upande wake. Watafiti wa Japani, akiwamo Atsuko Saito, walionyesha mwaka 2013 kwamba paka anaitambua sauti ya mwenye nyumba kati ya sauti za wageni, na mwaka 2019 kwamba analitambua jina lake likichanganywa na maneno mengine. Ila anavyojibu ni kwa kuzungusha sikio au kichwa, mara chache kwa kuja. Kwa hiyo ukimwita asije, usiseme hajasikia. Angalia sikio.

Bibi yangu kule Pangani alikuwa akimwona paka anazunguka miguuni mwa watu wakila, na mtoto akitaka kumfukuza, alimwambia: "Muache mwanangu, paka wa nyumba haingwa." Kisha angetaja hadithi aliyoipokea Kabsha binti Kaab, ya sahaba Abu Qatada aliyemuinamishia paka chombo cha maji ya udhu mpaka akanywa akatosheka, akasema Mtume ameeleza kwamba paka si najisi, ni katika wale wanaokuzungukieni. Neno hilo, wanaokuzungukieni, nalipenda sana. Si mali kama ng'ombe, si mlinzi aliyeachwa langoni. Ni mwenye kuingia na kutoka miongoni mwetu.

Kuna na ule mkoromo, paka akiwa amejikunja pajani. Tunaujua kama sauti ya raha, lakini wapo paka wanaokoroma wakiwa wanaumwa au wakizaa. Na upo mkoromo wa tatu, wa kuomba. Profesa Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, aliushuku kwa paka wake mwenyewe, Pepo, aliyekuwa akimwamsha asubuhi. Huyu ni mtafiti tunayepaswa kumjua huku kwetu, kwa sababu ni yeye na wenzake walioonyesha mwaka 2014 kwamba tembo wa Amboseli hutofautisha sauti ya Mmasai na ya Mkamba, na ya mwanamume na ya mwanamke. Kwa paka, mwaka 2009, aligundua kwamba ndani ya mkoromo wa kuomba chakula kuna kilio chembamba kilichojificha, cha kati ya Hertz 220 na 520 (yaani mitetemo kwa sekunde), kinachokaribiana na kilio cha mtoto mchanga. Aliposikilizisha watu 50, waliuona una haraka zaidi na unasumbua zaidi kuliko ule wa kawaida, na hata wasiowahi kufuga paka waliutambua. Ndiyo maana mkoromo ule wa alfajiri huwezi kuulalia.

Ukishaijua lugha ya paka wako, unapata na wajibu. Sauti inayobadilika ni habari. Kabla ya Chausiku nilikuwa na dume, Simba. Usiku mmoja alikaa kwenye mchanga nyuma ya nyumba, ameinama, analia kilio kizito nisichokijua. Nilidhani ni njaa nikampelekea samaki, hakugusa. Alikwenda pale pale mchangani mara nne tano, hatoki kitu. Nilisema kesho. Kesho yake alasiri daktari wa mifugo alipombonyeza tumbo, kibofu kilikuwa kigumu kama limau bichi. Njia ya mkojo ilikuwa imeziba, na hatukumuwahi. Dume anayechuchumaa akilia bila kutoa mkojo hangoji kesho: sumu inajaa mwilini na ndani ya siku moja au mbili anaweza kufa. Naliandika hili kwa sababu mimi sikuambiwa.

Na usijaribu kumtuliza kwa dawa za watu. Parasetamoli, ile tunayomeza kwa maumivu ya kichwa, ni sumu kwa paka hata kwa kidonge kimoja, kwani ini lake halina namna ya kuivunja. Maziwa ya ng'ombe nayo, ambayo kila mtu anadhani ndiyo chakula chake, huwaharisha paka wazima wengi. Maji safi yanatosha. Paka mzee aliyekuwa kimya akaanza kulia usiku anahitaji kupimwa, huenda ni figo, ni tezi ya thairoidi, ni shinikizo la damu, au masikio yamekufa naye hajisikii tena anavyopaza. Jike kijana anayelia na kugaagaa sakafuni haumwi, yuko kwenye joto, na huanza mapema, hata akiwa na miezi minne au mitano. Usipomfunga kizazi, baada ya kama siku 63 hadi 65 utakuwa na vitoto chini ya kitanda. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni yake pia.

Mtu ataniuliza, mbona yule paka shume wa sokoni halilii watu? Anakaa chini ya meza za samaki anatazama tu, ukimsogelea anatoweka. Jibu ni wiki. Kitoto kinachoshikwa na kusemeshwa na watu kati ya wiki ya pili na ya saba ya maisha yake ndicho kinachomweka binadamu katika orodha ya wakubwa wa kuliliwa. Kikipita hapo bila mkono wa mtu, mara nyingi mlango umefungwa, na kwake sisi ni hatari kama mbwa. Ukiokota vitoto, basi, vishike kila siku kidogo kidogo, uvisemeshe, na uviache kwa mama yao mpaka angalau wiki ya nane.

Kumjibu paka si lazima kwa sauti. Mwaka 2020 watafiti wa Sussex walithibitisha jambo ambalo wafugaji wengi walikuwa wakilifanya bila kulitaja: paka anayetazamwa na mtu anayefumba macho polepole, nusu, kisha kuyafumbua, mara nyingi naye hufumba hivyo hivyo, na yuko tayari zaidi kuusogelea mkono wa mgeni aliyefanya hivyo. Jioni akikaa mbele yako kimya, usimkodolee. Legeza uso, fumba macho taratibu kama mtu anayesinzia, kisha ungoje. Chausiku huchukua muda. Anageuza sikio kwanza, anapima, halafu kope zinashuka.